Viganja Vinne vya Mpira

Hotuba kwa wenye Subaru Impreza, Dar es Salaam

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Poleni na foleni, maana najua wapo waliotoka Kibaha na wapo waliovuka kutoka Kigamboni. Nimeombwa nizungumze juu ya rimu na matairi, na kabla sijakaa vizuri nimeshaulizwa mara tatu: "Fundi, rimu za inchi 18 zitaingia?" Nitafika huko. Kwanza naomba kila mmoja akunjue mkono wake wa kulia, auangalie, kiganja pamoja na vidole.

Chukua STI, ile Impreza kali kuliko zote, ya mwaka 2003. Ina uzito wa kilo 1,400 na ushee. Gawanya kwa magurudumu manne, kila moja limebeba kama kilo 350. Ukijaza upepo wa 32 kwa kipimo cha PSI, sehemu ya mpira inayogusa lami chini ya kila tairi ni kama sentimita za mraba 156. Ndio huo mkono unaoutazama. Nguvu zote za injini yako, breki za Brembo, usukani, kila ulichokitumia kwenye gari hilo, lazima kipite kwenye mikono hiyo minne ndipo kifike barabarani.

Sasa hapo pana jambo ambalo dukani hawakwambii. Ukubwa wa mkono huo hautokani sana na upana wa tairi, unatokana na uzito uliogawanywa kwa upepo. Ukitoka tairi la upana wa milimita 205 ukaenda la 245, upepo ukabaki uleule, eneo linalogusa chini linabaki karibu lilelile. Kinachobadilika ni umbo lake: lilikuwa refu na jembamba, sasa ni fupi na pana. Hiyo ina faida kwenye kona, kwa sababu tairi likikata kona mpira wa nyuma ya eneo hilo ndio unaoanza kuserereka kwanza, na eneo likiwa fupi mpira mwingi zaidi unafanya kazi kwa pamoja. Tena tairi pana linastahimili joto, hivyo watengenezaji wanaweza kulitengeneza kwa mpira laini zaidi. Faida ipo, siikatai. Lakini ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na mvua ikinyesha tairi pana ndilo la kwanza kuelea juu ya maji.

Kinachoshika lami ni mpira wenyewe. Nimekuja na matairi mawili haya mezani, naomba mpite mmoja mmoja baadaye muyaguse.

Hili la kushoto angalieni kashata zake, vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara. Nene, nzuri, mifereji inazama nusu ya kucha. Mtu akikuonyesha dukani utalilipia bila kubishana. Sasa bonyeza ukucha kwenye kashata. Hauingii. Ni kama unabonyeza soli ya kiatu kilichoachwa juani. Geuza ubavuni, tafuta herufi DOT, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho: 3808. Wiki ya 38, mwaka 2008. Tairi hili niliwahi kulifunga kwenye gari langu mwenyewe, na limebaki kwangu kwa sababu sitaki kulisahau.

Ilikuwa mwaka 2019. Nilinunua manne hapa mjini, kwa mtu aliyeniambia hayajatembea kabisa, na kweli yalikuwa hayajatembea. Sikugeuza ubavu kusoma tarehe, kwa sababu mahali ilipoandikwa palikuwa upande wa ndani na nilikuwa na haraka ya kwenda msibani Iringa. Kwenda, safari ilikuwa njema. Kurudi, nashuka Kitonga alfajiri, manyunyu yameanza, lami imelowa ile ya kwanza yenye mafuta ya malori. Sikuwa na mwendo wa kutisha, nilikuwa nyuma ya lori. Kwenye kona moja ya kushoto nikakata usukani, pua ya gari ikaendelea mbele kama sijakata kitu. Usukani ukawa mwepesi mkononi, mwepesi kama gari limenyanyuliwa kwa jeki. Nilikuwa na shangazi yangu kiti cha nyuma. Gari lilisimama hatua moja kutoka kwenye kingo za chuma. Shangazi hakusema neno mpaka Mikumi.

Mpira unapozeeka mafuta yake yanakauka na unakuwa mgumu hata kama haujakanyaga barabara. Mpira mzima unajipenyeza kati ya vile vijiwe vidogo vya lami, unajikunja, unarudi taratibu, na katika kujikunja huko ndiko mshiko unakotoka. Mpira mgumu unapita juu ya vijiwe kama kigae. Ndiyo maana nasema soma tarehe kabla ya kutazama kashata. Tairi la gari la kasi likipita miaka 6 mimi silifungi kwa mtu anayeniambia anataka kukata kona, hata liwe na manyoya yake ya kiwandani.

Hili la kulia ni kinyume chake, na nyie mnalijua zaidi kuliko wengine kwa sababu magari yenu yanatoka Japani. Bonyeza ukucha: unazama. Mtu atasema hili ndilo zuri, laini. Sasa tazama kashata zimechanjwa chale nyembamba za kupindapinda, mamia. Ubavuni pameandikwa STUDLESS. Hili ni tairi la theluji. Gari limekaa Hokkaido au Nagano, mwenyewe akaliuza wakati wa baridi, likapandishwa meli na matairi yake. Mpira wake umetengenezwa ufanye kazi baridi ikishuka chini ya nyuzi 7. Lami ya Dar saa nane mchana huwezi kuikanyaga peku. Kwenye lami hiyo zile kashata zilizochanjwa zinalala upande kama nyasi, gari linayumba hata ukibadilisha njia tu, na ndani ya muda mfupi tairi limekwisha. Nimeona kijana amebadilisha shokapu zote nne, busha zote, kwa sababu gari linayumba. Lilikuwa limevaa matairi ya theluji.

Kwa hiyo ulaini peke yake si jibu. Unatafuta mpira uliotengenezwa kwa joto lako na kwa kazi yako. Kwenye ubavu wa matairi mengi kuna neno TREADWEAR na namba. Namba ikiwa ndogo, mpira huwa laini na huisha haraka. Ikiwa kubwa, tairi linadumu. Michelin Pilot Sport 4S, kwa mfano, imeandikwa 300. Yale matairi makali ya mashindano ya wapenzi, yanayoruhusiwa pia barabarani, mengi yanakaa kwenye 200. Yale ya gari la kawaida la familia utakuta 400, 500, zaidi. Lakini namba hiyo kila kiwanda hujipimia chenyewe, kwa hiyo ni bora uitumie kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko kulinganisha kampuni na kampuni.

Kwa gari linalokwenda kazini Jumatatu na kutoka na wenzake Jumapili, mimi nashauri lile la kundi la 300. Nalisema kwa moyo wote kwa sababu masika ya hapa hayana mchezo, na tairi la 200 kwa kawaida lina mifereji michache. Watafiti wa NASA miaka ya 1960, walipokuwa wanachunguza ndege zinazoteleza kwenye njia zenye maji, waligundua kwamba mwendo ambao tairi linaanza kuelea unategemea upepo uliomo ndani yake. Kanuni ile ni ya ndege, kwa gari ni makadirio tu, lakini tazama inavyosema: ukiwa na upepo wa 32, hatari inaanzia karibu kilomita 94 kwa saa. Ukiacha upepo ushuke mpaka 24, inaanzia kwenye 82. Mifereji mizuri inakuongezea nafasi. Kipara kinakunyang'anya yote.

Na kuna imani moja naomba tuiache hapa leo. "Mimi nina 4WD, nashika." Ndugu yangu, 4WD, yaani injini kuzungusha magurudumu yote manne, inakusaidia kuondoka. Haikusaidii kusimama. Gari lolote lina breki kwenye magurudumu manne, hata lile la mwenzako la kuvuta mbele. Kwenye kona ukishaachia mafuta, unategemea ile mikono minne kama kila mtu. Tena 4WD inakudanganya, maana inakufikisha kwenye kona na mwendo mkubwa bila kukuonya.

4WD hiyo inadai kitu kingine ambacho wengi hawakilipi: matairi manne yanayolingana. Subaru inataka mzunguko wa matairi usipishane zaidi ya robo inchi, milimita 6 hivi. Piga hesabu. Tofauti ya kashata ya milimita 1 tu tayari imekula hizo 6 zote. Sasa mtu amepasukiwa tairi moja, ananunua moja jipya lenye milimita 8, matatu yaliyobaki yana 4. Difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inazunguka kusawazisha tofauti hiyo kila mita unayokwenda, asubuhi mpaka jioni, na inapata joto. Baadaye gari linaanza kukaza kwenye kona za kuegesha, fundi anafungua giaboksi. Kama huna uwezo wa manne kwa mara moja, subiri ujikusanye. Na usichanganye aina mbele na nyuma. Tairi linaloshika mbele na linaloteleza nyuma litakugeuza siku ya mvua.

Haya, rimu.

Hapa panahitaji umakini wa mikono, na mtu wa kwanza kuulizwa si muuzaji, ni gari lako. Impreza zina mpangilio wa bolti tano, lakini si zote sawa. STI mpaka mwaka 2004 ni 5x100, yaani bolti tano kwenye duara la milimita 100. Kuanzia 2005 STI ni 5x114.3. WRX ya kawaida, Impreza ya turbo iliyo chini ya STI, ya mwaka uleule wa 2005 ilibaki 5x100. Nimewahi kuona mtu ametoka mkoani na rimu nne kwenye buti, amezilipia, hazikai. Tundu la katikati kwenye habu ya Subaru ni milimita 56.1. Rimu nyingi za madukani zina tundu kubwa zaidi, na pengo hilo lisipozibwa kwa pete yake rimu haikai katikati sawasawa. Ukifika kilomita 90 usukani unatetemeka, unabalansi mara tatu na haiponi. Pete ni kitu kidogo sana. Idai.

Kisha ofseti, ile namba yenye kujumlisha mbele yake: ni milimita ngapi uso wa rimu unaokaa kwenye habu umesogea nje kutoka katikati ya upana wa rimu, na namba ikipungua rimu inatoka nje. Rimu ya STI ile ya 2003 ni inchi 17, upana wa 7.5, ofseti +53. Tuseme umependa rimu ya upana wa 8.5 yenye ofseti +45. Upana umeongezeka inchi moja, nusu ndani na nusu nje, halafu ofseti imesogeza rimu nje milimita 8. Jumla, ukingo wa nje umetoka karibu milimita 21 na wa ndani umeingia karibu 5. Chukua rula, nenda kwenye gari, pima milimita 21 kutoka ubavu wa tairi kwenda nje uone kama madgadi itapona ukiwa umepakia watu watatu. Usipime gari likiwa tupu. Na kadiri rimu inavyotoka nje zaidi, usukani unavutwa na kila shimo na beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu. Spesa, kile kipande kinachowekwa kati ya habu na rimu kuisogeza nje, ndiyo hivyo hivyo. Ukiniletea spesa nyembamba inayokuachia bolti mizunguko minne ya nati, nitakurudishia na sitafunga.

Uzito. Nimeleta mizani ya kupimia samaki, na rimu mbili za inchi 17 mtazipima wenyewe. Rimu ikiwa nyepesi, shokapu na springi zinaweza kulirudisha tairi chini haraka baada ya kila tuta na kila kiraka. Tairi lililo hewani halishiki kitu. Rimu ya Enkei RPF1 ya inchi 17 kwa upana wa 8 ina kilo 7 na kidogo. Rimu nyingine za ukubwa huohuo zinapita hapo kwa kilo tatu, nne. Zidisha mara nne. Gari linahisi.

Lakini wepesi wa kweli unatokana na namna rimu ilivyotengenezwa, na hapo ndipo zinapoingia zile za kuiga. Rimu ya TE37 ya kampuni ya Rays ni alumini iliyofuliwa kwa mgandamizo, kipande kimoja. Ya kuiga ina sura ileile, imemiminwa tu kwenye kalibu. Mbele ya shimo, rimu iliyofuliwa kwa kawaida inapinda, na iliyomiminwa vibaya inapasuka. Tafuta alama za JWL na VIA zilizochapwa kwenye chuma chenyewe. JWL ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi nyepesi, VIA ni chombo kilichoshuhudia majaribio. Alama nazo zinaigwa, kwa hiyo usiishie hapo, angalia na mwonekano wa chuma nyuma ya mikono ya rimu: pakiwa na vitundu kama mkate, achana nayo.

Sasa inchi 18. Zitaingia, ndiyo. Tairi la STI ile ni 225/45R17, yaani upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17; kimo chake kamili ni milimita 634. Ukienda 225/40R18 unapata 637, karibu sawa kabisa, spidomita haitadanganya. Lakini ubavu wa mpira umetoka milimita 101 umekuwa 90. Hiyo milimita 11 ndiyo iliyokuwa inaikinga rimu yako na mashimo ya barabara za ndani, Tabata, Kinyerezi, mnazijua. Na umeongeza chuma, umepunguza mpira. Kwa mshiko, mimi ningebaki na 17, nikachukua rimu ya upana wa 8 au 8.5, nikafunga 245/40R17. Kimo chake ni milimita 628, pungufu kwa asilimia 1 tu. Bei ya tairi inakuwa nafuu, na fedha inayobaki inanunua mpira bora. Pungua chini ya 17 ikiwa gari halina kaliper kubwa za Brembo, maana zile zinahitaji nafasi.

Wenye kuendesha magari duniani kwa ushindani wanafanya hivyohivyo. Kwenye mashindano ya dunia ya rali siku hizi, gari lilelile linavaa inchi 18 kwenye lami, na likienda kwenye vumbi na mawe linavaa inchi 15 zenye mpira mnene ubavuni. Dereva wa rali Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza, gari ambalo nusu ya waliomo humu walilipenda kwa sababu ya siku ile, halikushinda kwa tairi lenye ubavu mfupi. Kila tairi linachaguliwa na ardhi linayoikanyaga.

Upepo, halafu nimalize, kwa sababu naona jua. Pima asubuhi gari likiwa limelala, kabla halijatembea. Namba sahihi iko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, anzia hapo. Ukitembea, itapanda yenyewe, usiitoe. Kama unakwenda kwenye uwanja uliofungwa kwa ajili ya mbio, chukua chaki, chora mstari kutoka kwenye kashata ya pembeni ushuke mpaka ubavuni, zunguka mara tatu, urudi uangalie. Chaki ikiwa imefutika mpaka chini ubavuni, tairi linalalia ubavu, ongeza kidogo. Ikiwa imebaki mpaka juu kwenye kashata, punguza. Wengi wenu pia mtakuta tairi limeliwa bega la nje peke yake. Hapo kemba haitoshi, yaani tairi halijalalia ndani vya kutosha kwa juu, na hakuna tairi la bei yoyote litakaloponya hilo bila kwenda alaimenti. Kupima mshiko ni uwanjani. Barabara ya Bagamoyo ina watoto wa shule.

Matairi mapya yaendesheni kwa upole kilomita mia chache za mwanzo, yana utelezi wa kiwandani. Nati zikazwe tena kwa spana ya kupimia baada ya kilomita kama 80. Na kama tairi limeandikwa OUTSIDE, neno hilo lionekane ukisimama nje ya gari. Wiki iliyopita nimegeuza mawili yaliyofungwa kinyume, na mwenyewe alitembea nayo mwaka mzima.

Geji ninayo mfukoni, na kompresa iko kwenye gari langu pale getini. Magari yaliyo upande wa mwembeni bado yako kivulini, matairi yake hayajapata moto, tuanze na hayo. Mwenye ile ya buluu, naomba ulete ufunguo, nataka kwanza tusome tarehe za upande wa ndani.